Kwa nini programu mpya huikataa simu ya zamani?

Msikilizaji, huenda umejaribu kupakua programu ukaambiwa haifai kwa simu yako, ingawa bando lipo na nafasi ipo. Mara nyingine chanzo ni uamuzi wa mtengenezaji: ametumia toleo lipi la kompaila.

Kompaila ni nini?

Mtaalamu huandika programu kwa maneno na alama ambazo binadamu anaweza kuzisoma. Simu haielewi maandishi hayo. Kompaila huyageuza kuwa maagizo ambayo simu inaweza kuyatekeleza.

Watengenezaji hawaandiki kila kitu upya. Hutumia maktaba, yaani vipande vilivyo tayari, kwa mfano vya kufungua picha au kucheza sauti. Kwa hiyo uamuzi wa anayefungasha maktaba moja huzigusa programu nyingi.

Mfano wa Android

Google hutoa zana za kutengenezea vipande hivyo, ziitwazo NDK. Ndani yake mna kompaila inayoitwa Clang. NDK ya 24, ya mwaka 2022, iliacha kuhudumia simu zilizo chini ya Android 4.4. NDK ya 26, ya mwaka 2023, ikaiacha 4.4 pia. Maktaba iliyofungashwa kwa zana hiyo huhitaji angalau Android 5.0, iliyotoka mwaka 2014.

Mtengenezaji achague lipi?

Toleo la zamani huwafikia hata wenye simu kongwe, lakini makosa yake hayarekebishwi tena. Toleo jipya lina marekebisho, ila huacha baadhi ya watu nje. Njia nzuri ni kuamua kwanza simu ya zamani kabisa utakayoihudumia, kisha kuchukua toleo jipya kabisa ambalo bado linaikubali. Aliandike toleo hilo kwenye maelezo ya maktaba, na aijaribu kwenye simu ya aina hiyo kabla ya kuitoa.

Wewe ufanye nini?

- Fungua Mipangilio, kisha Kuhusu simu, usome toleo la Android.
- Ukinunua simu iliyotumika, angalia hapo kabla ya kutoa pesa.
- Programu ikikataa, usiitafute kwa viungo unavyotumiwa na watu usiowajua. Inaweza kuwa mtego wa kukuibia.
- Huduma za pesa za kubonyeza nyota na reli hazitegemei toleo la Android. Hata simu ya kitochi inazifungua.