Mtoto Aliyenyamaza

Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi nchini. Ulikuwa uamuzi wa busara, nami niliutumikia kwa moyo wote. Lakini katika vijiji vya bonde la Mbwemkuru, mtoto wa Kimwera aliingia darasa la kwanza na Kiswahili cha kuombea maji tu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, nikiwa mwalimu kijana, nilikuwa na mtoto asiyejibu swali lolote. Nilimwita mzito, na mara mbili nilimchapa. Jumamosi moja nikawakuta mtoni watoto watano na samaki 17. Mgawaji alikuwa yeye. Walibishana kwa Kimwera mpaka wakaafikiana: kila mmoja watatu, na wawili waliobaki wapelekewe bibi kizee jirani. Niliona haya.

Tangu Jumatatu ile niliwaacha wanafunzi wajadiliane kwanza kwa Kimwera, kisha wanieleze kwa Kiswahili. Yule mtoto akasema.

Miaka mingi baadaye, nikifundisha chuo cha ualimu, nilisoma mawazo ya Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi ya Kisovieti aliyefariki mwaka 1934. Alieleza kwamba mtoto huanza kwa kusema na watu, kisha maneno yale humwingia ndani yakawa fikra zake. Na kwamba aliwezalo leo kwa kusaidiwa, kesho ataliweza peke yake. Jambo hilo nilikwisha kulishuhudia pale mchangani.

Nimewafundisha walimu wengi somo hilo. Habari ya zile bakora sikuwasimulia.