Gari Kuukuu la Misioni: Habari za Vyombo Vyetu vya Safari

Katika kitabu cha Jubilei ni desturi kuandika habari za maaskofu, mapadre, masista, makanisa na shule. Hiyo ni haki yao, na wengine wamekwisha kuyaandika hayo vema. Sisi makatekista wa vigango vya Mabwerebwere, na pande zote zilizo kati ya Kilosa na Mikumi, twapenda kuongeza habari za kitu kimoja kisichotajwa katika daftari ya Ubatizo wala ya Ndoa, lakini wazee wetu hawawezi kusimulia habari za Kanisa pasipo kukitaja. Kitu hicho ni gari kuukuu la misioni.

Neno la kustaajabisha ni kwamba gari hilo halikuwa jema. Lilivuja, lilitoa moshi, lilikataa kuwaka, lililala njiani pamoja na abiria wake. Magari mazuri kuliko hilo yamepita mbele ya macho yetu, wala hakuna anayeuliza yalikwenda wapi. Lakini lile bovu hutajwa hata leo, na wanaolitaja hucheka, na pengine machozi huwalengalenga. Basi twauliza: mapenzi hayo ni ya nini? Ni ya kweli, au ni kusahau taabu tu kwa sababu imekwisha pita?

Kabla ya motokaa

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, na kutoka huko Injili ikapanda bara kwa miguu. Altare, vitabu, dawa na misumari, vyote vilichukuliwa vichwani na mabegani mwa wapagazi. Si kwamba watu hawakujaribu magurudumu. Mwaka 1876 Roger Price, aliyekuwa mmisionari wa Kiprotestanti wa London Missionary Society, alitoka Saadani pamoja na maksai akafika Mpwapwa, akaona kwamba njia imepatikana. Mwaka uliofuata magari yalipokuja na mizigo yenyewe, maksai walikufa kwa mbung'o na safari ikavunjika. Mwaka huo huo wa 1877 Alexander Mackay wa Church Missionary Society alikata barabara kutoka Saadani mpaka Mpwapwa, naye akapambana na tope lile lile na mbung'o wale wale. Basi gurudumu katika nchi yetu lilianza kwa kushindwa, na mizigo ikarudi mabegani mwa watu.

Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa, ikafika Kigoma mwaka 1914. Na mwezi wa Agosti wa mwaka ule 1907, Mjerumani mmoja, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam kwa motokaa ili avuke Afrika yote. Alifika Swakopmund, katika pwani ya magharibi, tarehe 1 Mei 1909, baada ya miezi ishirini na zaidi. Gari lake liliharibika mara nyingi, akangoja vyombo kutoka kwao. Na penye mito na misitu watu wa nchi walimkatia njia na kulivuta gari kwa kamba. Jina la dereva limeandikwa katika vitabu. Majina ya walioshika kamba hatuyajui. Msomaji na aliweke neno hili moyoni, maana tutalirudia.

Sababu ya misioni kutaka motokaa

Mwaka 1925 padre Otto Fuhrmann, mmisionari katika Ovamboland, pande za kaskazini za nchi iitwayo leo Namibia, alishikwa na ugonjwa akafa, kwa kuwa hapakuwa na chombo cha kumfikisha upesi kwa mganga. Rafiki yake, padre Paul Schulte, aliyejua kuendesha ndege, alihuzunika sana. Mwaka 1927 akaanzisha huko Ujerumani shirika liitwalo MIVA, ili kuwapatia wamisionari magari, mashua na ndege.

Twaitaja habari hii ili ijulikane kwamba chombo cha safari katika misioni hakikuwa anasa. Kati ya gari linalowaka na gari lisilowaka, pengine pana kaburi.

Gari lenyewe

Gari wanalolikumbuka watu wetu ni Land Rover. Lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi wa Aprili 1948, nalo lilitengenezwa na kiwanda cha Rover cha Uingereza. Vita vilikuwa vimekwisha juzi tu, na chuma kilikuwa haba. Kwa hiyo bodi lake likafanywa kwa alumini. Ndiyo maana bodi la Land Rover haliliwi na kutu kama bati, lakini chesisi iliyo chini yake, ambayo ni ya chuma, huliwa kimya kimya mtu asijue. Springi zake zilikuwa vipande vya chuma vilivyopangwa kama kurasa za kitabu, na aliyekaa nyuma alilihesabu kila shimo kwa mgongo wake. Betri ikifa, palikuwa na hendeli ya kuchomeka mbele na kuzungusha kwa nguvu za mkono. Na oili ilidondoka siku zote.

Gari hilo liliwekwa katika nchi isiyo na huruma. Aliyepita mbuga ya Mkata wakati wa masika aujua ule udongo mweusi ushikao gurudumu kama gundi. Mto Mkondoa, ulipofurika mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, uliivunja reli yenyewe, sembuse motokaa! Tena wazee wanakumbuka siku zile baada ya mwaka 1965, Wazungu wa Rhodesia walipojitangazia utawala wao, na Zambia ikawa haina njia ya kuletewa mafuta kutoka kusini. Malori yalibeba mapipa kutoka Dar es Salaam, yakapita Morogoro na Mikumi katika vumbi na tope, na mengi yakapinduka, hata Waingereza wakaiita njia hiyo njia ya Jehanamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 lami ilitandazwa mpaka Zambia. Lakini lami ilishika njia yake kuu, na vigango vyetu vikabaki na udongo wao.

Kisha ikaja miaka ya uhaba. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, vyombo vya magari havikupatikana, na petroli ilikuwa kidogo, hata magari ya watu binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Wakati huo ndipo mafundi wetu walipojifunza kuziba tangi la mafuta kwa kipande cha sabuni, na kujaza majani makavu ndani ya tairi lisilo na mpira wa ndani.

Kila kilema na kazi yake

Sisi tulio na umri wa miaka arobaini na kitu tulilikuta gari la misioni yetu limekwisha kuzeeka. Tulijua vilema vyake kama mtu ajuavyo tabia za babu yake. Betri haikukaa na moto. Kwa hiyo padre alipokuja kigangoni aliliegesha mtelemkoni, likitazama chini, na baada ya Misa watoto hatukwenda nyumbani mpaka tumelisukuma. Honi ilikuwa bubu. Basi mmoja wetu alitangulia akipiga kelele ili mbuzi na wazee wapishe. Gia ya pili iliruka, na utingo aliishika kwa mkono wake kila penye kilima.

Lakini kilema kikubwa kilikuwa rejeta. Lilivuja hata haikuwezekana kwenda mwendo wa saa moja pasipo kusimama na kuomba maji. Na padre aliyesimama kuomba maji hakupewa maji tu. Alikaribishwa kiti, akaulizwa habari za safari, akaambiwa nani anaumwa, nani amefiwa, nani amemkimbia mkewe. Nyumba ambazo hazikuwa za Wakristu zilimjua padre kwa sababu ya debe la maji. Gari zima halisimami mlangoni mwa mtu. Hupita, na vumbi lake hukaa kidogo, kisha hutulia.

Wala mapenzi haya si yetu peke yetu. Kiwanda kiliacha kutengeneza gari la umbo lile la kale mwezi wa Januari 2016. Hata hivyo, mwezi wa Oktoba 2024, wenye Land Rover walikusanyika Arusha kwa mamia, wengine wakiwa na magari yenye umri kuliko wao wenyewe, wakaandamana kwa furaha barabarani. Mtu anaweza kununua gari jipya lisilovuja. Bali wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Mambo mawili yaliyotukia usiku

Hata hapa twaweza kunyamaza, na watu wote wakafurahi. Lakini habari iliyoandikwa nusu si habari. Hivyo twaandika mambo mawili yaliyotukia kwa gari lile lile.

Usiku mmoja wa masika mama mmoja alishikwa na uchungu wa kuzaa, na mtoto akawa amekaa vibaya. Padre akamchukua garini ampeleke hospitali mjini Kilosa. Hawakufika mbali, taa zikazimika. Vijana wawili wakashuka wakachukua karabai, wakatangulia mbele ya gari kwa miguu, mmoja kushoto na mmoja kulia, wakimwonyesha dereva njia katika mvua, usiku kucha. Kulipokucha walifika, na mtoto akazaliwa mzima. Mtoto huyo leo ni mtu mzima, naye ni mwimbaji wa kwaya.

Mwaka mwingine mzee mmoja katekista, aliyekuwa amevizungukia vigango vyote kwa miguu tangu ujana wake, alikuwa katika kufa. Alimwita padre ampe sakramenti. Habari ilifika misioni jioni. Gari halikuwaka. Walizungusha hendeli, wakasukuma, wakapumzika, wakasukuma tena mpaka usiku wa manane, na halikuwaka. Ndipo padre akashika njia kwa baiskeli. Alifika alfajiri akakuta watu wanauosha mwili. Watoto wa mzee yule hawacheki habari za gari zisimuliwapo.

Shauri la wazee

Gari lilipokufa kabisa, mzoga wake ulikaa miaka mingi nyuma ya ghala, na kuku wakataga chini ya kiti. Kisha wakaja wanunuzi wa vyuma chakavu, wakataja bei. Halmashauri ya waamini ikakutana. Wazee wengi walisema lisiuzwe, litiwe rangi na kuwekwa mbele ya kanisa, liwe ukumbusho. Waliposema hivyo watu walipiga makofi.

Ndipo akasimama binti wa yule mzee katekista, ambaye sasa naye ni bibi wa wajukuu. Akasema, "Baba zangu na mama zangu, mimi nami nalilipenda gari lile. Usiku ule wa baba nilikuwa nimetumwa misioni kumwita padre, nikasukuma pamoja na wanaume, upande wa kushoto, mpaka mikono ikachubuka. Mkiliweka mbele ya kanisa, andikeni pia kwamba halikuwaka." Kisha akaketi.

Watu walinyamaza kwa kitambo. Baadaye shauri likapatikana pasipo ugomvi. Vyuma viliuzwa, na fedha ikawekwa akiba ya kutengeneza pikipiki ya padre, ili isimame njiani mara chache. Rimu moja ilibakizwa, ikatundikwa mwembeni kigangoni. Ndiyo kengele yetu ya kuwaitia watu Sala mpaka leo. Na katika daftari ya kigango yakaandikwa mambo yote mawili: usiku wa karabai na usiku wa hendeli, pamoja na majina ya wote waliokuwapo, na jina la yule binti limo.

Neno la mwisho kwa vigango

Twaona basi jibu la swali letu. Mapenzi hayo ni ya kweli, lakini hayakuwa ya chuma. Kilema cha gari kiliwalazimu watu kutoka majumbani, kushika kamba, kuchota maji, kuchukua karabai. Na yale waliyoyafanya pamoja ndiyo wanayoyapenda wakiyakumbuka. Kulisifu gari na kuwasahau wao ni kurudia desturi ya zamani ya kuandika jina la dereva peke yake. Na kuusifu ubovu wenyewe, kana kwamba breki mbovu na betri mfu ni fadhila, ni kuwakosea wale waliongojea mgeni asifike.

Kwa hiyo katika mwaka huu wa Jubilei twawaomba wenzetu wa kila kigango mambo mawili. Kwanza, wazee wangali hai, waulizwe majina ya wapagazi, ya utingo, ya mafundi na ya waliosukuma, nayo yaandikwe. Pili, chombo tulicho nacho leo, kiwe gari, pikipiki au baiskeli, kikaguliwe kabla ya masika, wala si baada yake. Maana hata usiku wa leo, mahali fulani katika Jimbo letu, yuko mgonjwa anayesikiliza kama chombo kinakuja.

Mwenyezi Mungu awalipe wote waliosukuma.