Mifupa ya Tendaguru

Leo tutazungumza juu ya mifupa iliyogeuka mawe.

Kilima cha Tendaguru kiko katika Mkoa wa Lindi, mwendo wa kilomita 60 hivi kutoka mji wa Lindi. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, Bernhard Sattler, aliona huko mifupa mikubwa ajabu imetokeza juu ya ardhi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 wataalamu wa Berlin walikuja kuichimbua.

Lakini walioshika majembe ni akina nani? Ni mamia ya Waafrika, na msimamizi wao aliitwa Boheti bin Amrani. Mifupa ilifungwa kwa uangalifu, ikachukuliwa vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, safari ya siku nne. Jumla yake ilipita tani 200.

Mifupa hiyo ni ya wanyama waitwao dinosaria. Kiunzi cha mmoja kilisimamishwa Berlin mwaka 1937, nacho kina kimo cha zaidi ya meta 13.

Labda utauliza, “Mfupa utageukaje jiwe?” Mnyama akifa, akafunikwa upesi na mchanga au tope, mifupa yake haiozi yote. Maji ya ardhini hupenya ndani yake na kuacha chembechembe za madini. Baada ya muda mrefu mfupa huwa mgumu kama jiwe.

Muda gani? Dinosaria wa Tendaguru waliishi yapata miaka milioni 150 iliyopita. Hebu jaribuni darasani: hatua moja iwe miaka milioni moja. Fuvu la mtu wa kale lililopatikana Olduvai mwaka 1959 halifiki hatua mbili. Tendaguru ni hatua 150! Basi hakuna binadamu aliyewaona wanyama hao.

Twajuaje, basi? Ardhi ndiyo shahidi. Tabaka la chini lilitangulia, la juu likafuata. Na makombe ya bahari yaliyomo hutuambia kwamba pwani ilikuwa karibu. Kwa hiyo mfupa ukiondolewa bila kuandikwa ulipolala, nusu ya habari yake imepotea.

Ndugu msomaji, ukiukuta mfupa wa mawe shambani, usiuvunje wala usiuuze. Weka alama, kisha kaarifu ofisi ya serikali iliyo karibu.

Maswali ya kuzungumza:
1. Mfupa hugeukaje jiwe?
2. Kwa nini mahali ulipolala mfupa ni muhimu?

Kwaherini mpaka somo lijalo.