Unadhani Waitaliano Wanaamka Tu Wamependeza?

Wadau, kila ikifika Oktoba mitandaoni zinajaa picha za majamaa wa Italia: koti la sufu, sweta jepesi ndani, skafu imening'inia tu, wala hana habari na kamera. Unadhani kaamka hivyo? Thubutu!

Hii kitu ina historia ndefu. Mwaka 1528 Baldassare Castiglione alitoa kitabu kule Venice, kinafundisha watu wa majumba ya kifalme namna ya kuishi. Humo kuna neno sprezzatura, yaani fanya jambo gumu lionekane jepesi, watu wasione jasho lako.

Zikapita karne nne. Matajiri wa Naples wakawa wanaiga suti za Waingereza, nzito, mabega yamejaa pedi. Na Naples kiangazi ni joto balaa! Miaka ya 1930, kwenye duka la Gennaro Rubinacci lililoitwa London House, fundi Vincenzo Attolini akatoa pedi na kupunguza bitana. Koti likalala mwilini kama shati. Ndo staili hiyo wanayotupia mpaka leo majani yakianza kupukutika.

Mimi niliwahi kukopa hela ya suti kwa ajili ya harusi ya kaka'angu. Mabega yakanizidi, nikashinda nimekakamaa kama mlingoti. Binamu yangu alivaa koti la mtumba, fundi wa mtaani kalipunguza kidogo tu. Sifa zote zikaenda kwake, deni likabaki kwangu.

Kwa hiyo kabla hujakopa, pita kwa fundi kwanza.