Biti kwa sekunde
Biti kwa sekunde (bit/s, au bps) ni kizio cha kupimia kasi ya kupitisha data: idadi ya biti, yaani sifuri na moja, zinazopita katika njia ya mawasiliano kila sekunde. Vizio vikubwa hupanda kwa elfu: kilobiti, megabiti, gigabiti, terabiti. Mkongo wa baharini wa SEACOM, uliofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, ulisanifiwa kubeba terabiti 1.28 kwa sekunde.

Wengi huchanganya biti na baiti, na matangazo ya vifurushi hayasaidii. Baiti moja ni biti 8. Kasi hutangazwa kwa biti (b ndogo), ilhali faili hupimwa kwa baiti (B kubwa). Hivyo laini ya megabiti 100, mambo yakienda vizuri kabisa, hupakua megabaiti 12.5 kwa sekunde, na filamu ya megabaiti 500 huchukua sekunde 40.

Kizio cha zamani zaidi ni baudi, kilichopewa jina la Émile Baudot (1845–1903), mhandisi wa telegrafu wa Ufaransa. Baudi huhesabu ishara, si biti: modemu za kiwango cha V.32 zilipitisha biti 9,600 kwa baudi 2,400 tu, kwa kuwa kila ishara ilibeba biti 4 za data.