Jina la Timu ni Mali ya Nani? Leseni za Kipekee na Gemu za Mpira

Katika vibanda vya gemu vya Mwembesongo, kata ya Manispaa ya Morogoro iliyo chini ya safu ya Uluguru, kulikuwa na timu ambayo haikupata kusajiliwa na shirikisho lolote la mpira. Iliitwa London FC. Ilivaa bluu, na kila aliyeshika pedi alijua kwamba hiyo ni Chelsea. Manchester City iliitwa Man Blue, na kuna toleo ambalo Manchester United nayo iliitwa Man Red. Vijana hawakuuliza kwa nini. Walichagua timu, wakacheza, aliyefungwa akaachia pedi na mwingine akakaa.

Mashine iliyotawala ilikuwa PlayStation 2, iliyoingia sokoni Japan mwaka 2000 na kuuzwa duniani kwa zaidi ya mashine milioni 150. Huku kwetu nyingi zilifika zikiwa mitumba, zimewekewa chipu ili zisome CD za kuchoma. Gemu iliyopendwa ilikuwa Pro Evolution Soccer ya kampuni ya Konami ya Japan, PES kwa kifupi, iliyofahamika pia kama Winning Eleven. Mpinzani wake, FIFA ya kampuni ya Electronic Arts ya California, alikuwa na majina mengi halisi, na bado PES ndiyo iliyokuwa na mashabiki waaminifu, kwa sababu mpira wake ulichezeka vizuri zaidi. Anayetaka kuelewa nguvu ya leseni aanzie hapo. Gemu bora ilikuwa na majina ya uongo, na gemu yenye majina ya kweli ndiyo iliyobaki imesimama miaka ishirini baadaye.

Mambo haya hayakuanza na pesa nyingi. Mwishoni mwa mwaka 1993 Electronic Arts, au EA, ilitoa FIFA International Soccer ikiwa na ruhusa ya shirikisho la mpira la dunia. Ruhusa hiyo ilihusu jina la FIFA na nembo yake. Wachezaji waliokuwa ndani walipewa majina ya kubuni, kwa kuwa FIFA haikuwa na uwezo wa kuuza jina la mtu. Hapo ndipo wafanyabiashara walipojifunza kwamba mechi moja ya mpira ina wenye mali wengi. Jezi na nembo ni za klabu. Kombe na jina la ligi ni vya waandaaji. Sura na jina la mchezaji ni vyake mwenyewe, ingawa mara nyingi huuzwa kwa pamoja kupitia FIFPRO, muungano wa vyama vya wachezaji. Uwanja nao una mwenyewe. Golikipa Oliver Kahn wa Ujerumani alithibitisha mahakamani haki ya mchezaji juu ya jina na sura yake. Aliishitaki EA kwa kumtumia katika gemu ya Kombe la Dunia la 2002 bila ridhaa yake, na mwaka 2003 mahakama ya Hamburg ikampa haki, ingawa kampuni ilikuwa na karatasi za leseni mkononi.

Kwa hiyo leseni ya kawaida ni ruhusa ya kutumia tu. Leseni ya kipekee ni kitu kingine kabisa: mnunuzi analipia jina, na juu yake analipia katazo kwa wengine wote. Sehemu hiyo ya pili ndiyo yenye bei kubwa, na ndiyo iliyobadilisha historia ya gemu za michezo.

Kisa kinachoonyesha jambo hili bila chenga kilitokea Marekani, katika mpira wao wa kukimbia na tufe mkononi, unaoendeshwa na ligi ya NFL. Kufikia mwaka 2004 gemu mbili zilikuwa zikigombania soko hilo. Madden ya EA ilikuwa kongwe na tajiri, ikiuzwa dola 49.95. Gemu ya pili, ESPN NFL 2K5, ilitengenezwa na Visual Concepts chini ya Sega. Mwezi Julai mwaka huo iliingia sokoni kwa dola 19.99, chini ya nusu ya bei ya mpinzani, na wachambuzi wengi waliiona kuwa sawa na Madden au kuizidi. Wanunuzi wakaikimbilia. Kabla mwaka haujaisha EA ililazimika kushusha Madden hadi dola 29.95.

Ushindani wa kweli hufanya hivyo. Bei inashuka, kazi inaboreshwa, na mtu mwenye kipato kidogo anapata kitu kizuri. EA haikujibu kwa kutengeneza gemu bora zaidi. Tarehe 13 Desemba 2004 ilitangaza kwamba imenunua haki za kipekee za NFL pamoja na za umoja wa wachezaji wake. Kuanzia hapo hakuna kampuni nyingine iliyoruhusiwa kutengeneza gemu ya mashindano hayo yenye timu, viwanja na wachezaji halisi. NFL 2K5 ikawa ya mwisho ya aina yake. Mwezi mmoja baadaye Sega iliiuza Visual Concepts kwa kampuni ya Take-Two. Take-Two nayo, badala ya kulalamika peke yake, ikajinunulia haki za karibu namna hiyo kwenye ligi ya besiboli. Mwaka 2007 ilijaribu kurudi kwenye mpira wa Kimarekani kwa gemu yenye wachezaji wastaafu na timu za kubuni. Haikufika mbali. Shabiki anataka timu anayoishangilia Jumapili.

Toleo lililofuata la Madden likarudi kwenye dola 49.95. Mwaka 2008 wanunuzi walifungua kesi ya pamoja California, wakidai kwamba mkataba ule uliua ushindani na kuwapandishia bei. Mwaka 2012 EA ilikubali kulipa dola milioni 27 bila kukiri kosa, na ikaahidi kutosaini haki za kipekee za mpira wa vyuo vikuu kwa miaka kadhaa. Mkataba wa NFL wenyewe haukuguswa, na baadaye uliongezwa muda. Ninaona hukumu ya kibiashara ilishatolewa miaka minane kabla ya malipo hayo: timu ya wahandisi iliyoweza kutengeneza gemu ya dola 19.99 ilishafukuzwa uwanjani, na fidia haikuwarudishia wachezaji gemu ya pili.

Katika mpira wetu wa miguu mambo yalikwenda taratibu zaidi, kwa kuwa hakuna mwenye mpira mmoja. Haki zililiwa kipande kwa kipande. PES 5 ya mwaka 2005 ilikuwa na Chelsea na Arsenal kwa majina yao. Toleo lililofuata likabaki na Arsenal, likaongeza Manchester United, na Chelsea ikarudi kuwa London FC. Mwaka huo wa 2006 Bundesliga ya Ujerumani haikuwemo tena, kwa sababu haki zake zilikuwa kwa EA. Konami haikukaa kimya. Ilichukua Ligi ya Mabingwa wa Ulaya mwaka 2008 na kuishika kwa miaka kumi, hadi fainali ya Kyiv ya 2018. Kisha EA ikaichukua. Mwaka 2019 Konami ikaifunga Juventus kwa mkataba wa kipekee, na kwenye FIFA 20 Cristiano Ronaldo akaonekana akichezea timu iitwayo Piemonte Calcio. Safari hii aliyeumia kwa majina ya kubuni alikuwa shabiki wa EA.

Si haki kusema PES iliuawa na leseni peke yake. Konami ilijikwaa vibaya ilipohamia mashine za kizazi cha PlayStation 3, na EA ikautumia mwanya huo kuboresha mchezo wake wenyewe. Lakini kampuni iliyo nyuma inahitaji muda wa kujirekebisha, na leseni za kipekee zinainyima muda huo, kwa kuwa kila msimu inapokosea inapoteza ligi nyingine. Septemba 2021 PES iligeuzwa eFootball, gemu ya bure. Mwaka uliofuata EA na FIFA zikaachana, na tangu Septemba 2023 gemu ya EA inaitwa EA Sports FC. FIFA iliondoka na jina lake. EA ilibaki na leseni zaidi ya 300, wachezaji zaidi ya 19,000 na timu zaidi ya 700. Walioshika pedi walibaki walikokuwa. Jina lililouza gemu kwa takriban miaka thelathini lilionekana kuwa jepesi kuliko mikataba midogo midogo iliyokusanywa chini yake.

Watu wa Afrika ya Mashariki walikuwa wameshaonja utamu na uchungu wa haki za kipekee, ila kwenye televisheni. Mwaka 2007 kampuni ya GTV ilichukua sehemu kubwa ya mechi za Ligi Kuu ya Uingereza kwa Afrika, ikauza madishi na ving'amuzi kwa bei ambayo watu wa kawaida waliweza kuifikia. Mwishoni mwa Januari 2009 ikafunga milango. Aliyekuwa na dishi alibaki na chuma juu ya paa, na mwenye kibanda umiza cha kuonyeshea mechi akarudi kwa mtoa huduma yule yule wa zamani. Nchini Kenya, SuperSport iliyokuwa ikirusha ligi yao iliondoka mwaka 2017 baada ya timu kuongezwa kutoka 16 hadi 18, na klabu zilizokuwa zimeizoea fedha hiyo zikayumba.

Kwetu Azam TV ilianza na Ligi Kuu msimu wa 2013/14. Yanga waliupinga mkataba ule hadharani. Kampuni za Bakhresa zilikuwa na televisheni na pia na Azam FC, klabu inayoshiriki ligi hiyo hiyo, na msimu huo huo Azam FC ikawa bingwa kwa mara ya kwanza. Sisemi kwamba ubingwa ulitoka kwenye kamera. Nasema swali la nani anamiliki nini lilikuwa halali kuulizwa, na linabaki halali. Mei 2021 shirikisho letu la mpira, TFF, lilisaini na Azam mkataba mwingine wa miaka kumi wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Kwa soka letu hizo ni fedha kubwa mno, na mabadiliko yake yanaonekana kwenye mishahara, usajili na ubora wa picha. Mwishoni mwa mwaka huo huo kampuni ya GSM, iliyokuwa pia mdhamini wa Yanga, iliingia kama mdhamini mwenza wa ligi, Simba wakakataa kuvaa nembo yake, na Februari 2022 mkataba ukavunjwa. Klabu moja iliweza kusema jina na kifua chake si vya kuuzwa na mtu mwingine. Somo lile lile la Oliver Kahn.

Morogoro ina sababu zake za kuyajali haya. Sauti ya mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe, aliyewika na Morogoro Jazz kabla ya kuunda Super Volcano mwaka 1973, imehifadhiwa kwenye kanda za redio ya taifa na santuri za kampuni zilizokuwa Nairobi. Mji wenyewe sidhani kama ulibaki na hati yoyote. Mtibwa Sugar ya Turiani ilikuwa bingwa wa Tanzania Bara mwaka 1999 na 2000, enzi zile zile PlayStation ilipokuwa ikienea. Hakuna gemu ya kampuni kubwa iliyowahi kuwa na Mtibwa, wala Simba, wala Yanga ndani ya ligi yao. Kutoka kusini mwa Sahara, FIFA iliwahi kuwa na Kaizer Chiefs na Orlando Pirates za Afrika Kusini. Ligi za Afrika ya Mashariki zilibaki nje.

Mtazame Mbwana Samatta. Alifunga mabao Simba, akatwaa ubingwa wa Afrika na TP Mazembe mwaka 2015, na Januari 2016 akatajwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Katika miaka yote hiyo hakuwepo kwenye gemu. Alipohamia Genk ya Ubelgiji mwezi huo huo, kwenye ligi yenye leseni, jina lake likaingia kwenye FIFA ya msimu uliofuata, na vijana wa Kitanzania wakaweza kumchagua. Miguu ilikuwa ile ile.

Vijana hawakusubiri. Leo kwenye simu zao zinazunguka gemu za PES zilizorekebishwa kienyeji, zenye jezi za Simba na Yanga, na kwenye Dream League Soccer watu wanabandika jezi hizo wenyewe. Kazi hiyo inafanywa kwa ustadi na mapenzi makubwa, bila senti kwenda kwa klabu na bila ulinzi wowote kwa anayeifanya. Siku kampuni kubwa itakapokuja kununua Ligi Kuu kwa haki za kipekee, kitu cha kwanza itakachotaka ni hao wazimwe. Mnunuzi mmoja atakuwa amenunua pia kimya cha kijana wa Mwembesongo aliyejifunza kuchora jezi kwenye simu ya mitumba.

Mkataba wa matangazo wa mwaka 2021 unakwisha na msimu wa 2030/31, na mazungumzo ya mikataba ya namna hiyo huanza mapema. Bodi ya Ligi na klabu wanaweza kuitenga haki ya gemu na haki ya televisheni kuanzia sasa, ili isije ikamezwa katika maneno ya jumla kuhusu mitandao. Iuzwe kwa kila anayeihitaji, kwa misimu miwili au mitatu, na kuwe na leseni ndogo ya bei nafuu kwa watengenezaji wa nyumbani. Sura na majina ya wachezaji yasainiwe na wachezaji wenyewe kupitia chama chao. Nchi ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na Tume ya kuisimamia, na ni vyema vitumike mapema: waliofungua kesi California walifika mahakamani karibu miaka minne baada ya gemu ya pili kufa.