Udongo, Kuni na Saruji: Vifaa Vilivyojenga Nyumba za Ibada

Wamisionari wa Leipzig walipofika Machame mwaka 1893, waliwakuta Wachagga wakiishi katika nyumba za fito zilizoezekwa kwa nyasi na majani makavu ya migomba, tangu kileleni hadi karibu na ardhi. Nyumba hizo zilitunza joto wakati wa baridi ya mlimani, na vifaa vyake vilipatikana jirani. Miaka miwili kabla yake, wenzao wa Berlin walikuwa wamefika Unyakyusa, kwa watu mahiri wa kujenga kwa mianzi na udongo. Makanisa ya mwanzo yalifuata desturi hiyo: miti, udongo na nyasi. Lakini mchwa walikula nguzo, mvua ikabomoa kuta, na paa likahitaji kuezekwa upya kila baada ya miaka michache.

Ndipo matofali ya kuchoma yalipopata heshima kubwa. Washarika walifyatua matofali, wakayaanika, wakayapanga kuwa tanuru lenye vinywa vya kuni chini, wakalikandika udongo na kulikoka moto usiku na mchana kwa siku kadhaa. Kina mama walibeba maji na kuni kichwani, na mzigo huo hutajwa kwa nadra katika historia za majengo. Kuta zilizopatikana zilikuwa imara kweli, na mengi ya makanisa hayo yangali yakitumika. Hata hivyo tanuru humeza kuni nyingi, na matofali ya pembezoni mara nyingi hutoka mabichi, yasifae kwa ukuta. Gharama hiyo haikuonekana katika hesabu za ujenzi, kwa kuwa msitu haukudai stakabadhi. Ilionekana baadaye, vilima vilipobaki vitupu na chemchemi zikapungua.

Saruji ilileta nafuu ya namna fulani. Kiwanda cha Wazo Hill kilianza uzalishaji mwaka 1966, na polepole tofali la saruji likawa ndiyo alama mpya ya maendeleo. Lakini saruji nayo huzaliwa motoni, katika joto la nyuzi 1,450 hivi za Selsiasi, na uzalishaji wake duniani huchangia takriban asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Kwa usharika ulio mbali na barabara kuu, nauli ya mifuko ilikuwa pigo jingine.

Njia ya tatu ilitoka mbali. Katika miaka ya 1950, huko Bogotá nchini Kolombia, Raúl Ramírez alibuni mashine ya mkono ya kushindilia udongo uliochanganywa na saruji kidogo. Tofali lake halichomwi. Huwekwa kivulini na kunyunyiziwa maji kwa juma moja au zaidi hadi likomae. Nchini Tanzania, Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi ulieneza matofali ya namna hiyo yanayofungamana, ambayo pia hupunguza chokaa na saruji ya kuungia. Kiasi cha saruji kwa kawaida ni kati ya asilimia 5 na 10.

Kikwazo kikubwa hakikuwa mashine. Watu waliofundishwa kwa vizazi kwamba udongo ni dalili ya umaskini hawakukubali kwa urahisi kumjengea Mungu nyumba ya udongo, nao walistahili kujibiwa kwa vipimo, si kwa maneno matupu. Udongo mweusi wa mbugani, unaovimba na kupasuka, haufai. Unaofaa ni wenye mchanga mwingi na mfinyanzi wa kiasi. Hujazwa ukiwa na unyevu katika kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, hukaushwa, kisha hupimwa umesinyaa kiasi gani; kadiri unavyosinyaa zaidi ndivyo saruji inavyohitajika zaidi. Hata hapo ukuta huhitaji msingi wa mawe ulioinuka juu ya matone yarukayo, na upenu mpana wa kuukinga na mvua ya upepo.